Njoki na Hesabu za Sehemu

Mpendwa mjukuu wangu Wambui,

Hapa Mutuini tu wazima. Guka, babu yako, amepona mguu, na mahindi yamepata mvua. Umeniuliza umsaidieje mwanao wa darasa la nne anayelia akiona hesabu.

Nami nililia darasa la nne. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari ya wakoloni, hayo nayaacha. Mtihani ulikuwa karibu, na aliyeanguka aliishia hapo na shule. Mwalimu alikuwa amenieleza sehemu mara tatu, nikazidi kukosa.

Ndipo Njoki, tuliyekaa naye dawati moja, akaniuliza, "Kwa nini unasema moja ya nane ni kubwa kuliko moja ya nne?"

"Si nane ndiyo kubwa?"

Hakunicheka. Alitoa kiazi kitamu, chakula chake chote cha mchana. "Una njaa. Tukigawana hiki watu wanne, au watu wanane, utashiba lini?"

Nilipiga kelele ya furaha hadi mwalimu akageuka. Alipoelezwa, akampa Njoki chaki afundishe darasa. Msichana wa miaka kumi na mmoja! Hakuandika chochote. Alimwendea Kamau, aliyekuwa wa mwisho kila muhula, akachuchumaa kando yake.

"Wewe unaonaje? Nieleze kwanza."

Kamau akaanza kueleza, polepole. Darasa zima lilimsikiliza, mwalimu pia.

Mtihani tulipita sote watatu.

Mkumbatie mtoto kwa niaba yangu.

Ni mimi nyanya yako, Cucu