Punda wa Shafi Hakuwa Baba

Kwako Shangazi Chepkorir, pokea salamu kutoka Tuwan hapa Kitale, ingawa anayezituma hana amani, na naomba unisaidie kabla sijaharibu hata kile kidogo kilichobaki.

Naitwa Makokha na kazi yangu ni ya farasi, niko na jike mmoja mweupe pe anaitwa Malaika, nilimnunua akiwa mkubwa, yeye hubeba maharusi na watoto wa kupigwa picha siku za sikukuu, na mwaka jana nikampeleka kwa dume la rangi ya kahawia katika shamba moja njia ya Endebess nikijua atanizalia mweupe kama yeye, ili niwe na wawili wa kuvuta gari la harusi, na nikatangazia mtaa mzima. Mwezi wa tatu mwaka huu akazaa. Shangazi, kilichotoka kilikuwa cha rangi ya mahindi makavu, mstari mweusi umepita katikati ya mgongo kutoka shingoni mpaka mkiani kama umechorwa na rula, miguuni michirizi kama ya pundamilia, na kila mtu Tuwan anajua ni nani mwingine ako na mstari kama huo, ni Mheshimiwa, punda wa kubeba maji wa jirani yangu Shafi.

Shafi tumekaa naye miaka kumi na minane na ndiye alinipa kona ya uwanja wake nijenge zizi, wanyama wetu wanakula nyasi pamoja. Lakini watu walianza kumwita yule mtoto Bin Mheshimiwa, nikachekwa mpaka kanisani, na wiki hiyo hiyo Shafi akaenda Bungoma siku tatu kwa harusi ya binti ya dada yake akaniachia punda nimchunge, na hapo ndipo shetani alinipata, nikaita daktari wa mifugo nikamwambia punda ni wangu, na Mheshimiwa akahasiwa. Daktari alipomaliza akauliza kwa nini nimehasi mnyama mzuri hivyo, nikamwambia ati amezaa na farasi wangu, akaenda kwa yule mtoto akamshika masikio, akasema, “Huyu ni farasi mtupu.” Nikaona hajui kazi yake.

Shafi aliporudi hakupiga kelele. Alimwangalia punda, kisha akaniangalia mimi, akasema, “Makokha, nilikuachia mnyama mzima.” Tangu siku hiyo akinipita njiani ni kama mimi ni nguzo ya stima.

Mke wangu Phelista hakuniacha nipumue, kila jioni alikuwa ananiambia niende kwa Shafi nikaombe msamaha kwa sababu nimemuumiza mtu juu ya rangi ya manyoya tu, na siku moja nikachoka nikamjibu, “Basi tuanze na Emmy. Mbona yeye ni mweupe na sisi wawili ni weusi?” Emmy ndiye kitinda mimba wetu, ako na miaka minne, alikuwa ameketi hapo hapo anakula. Phelista alimpangusa mtoto mdomo, akafunga nguo, na huu ni mwezi wa pili wako kwa mama yake Kimilili na simu hashiki.

Na balaa haijaisha, maana yule mtoto wa farasi ameanza kuota mvi kuzunguka macho na ana miezi mitano tu, amekaa kama mwenye amevaa miwani, na watu wanasema ni dua ya Shafi. Nimesikia kuna maabara wanapima wanakuambia baba ni nani. Nianze na nani, farasi ama Emmy?

Makokha, Tuwan

*

Makokha, anza na kichwa chako.

Bahati yako umeniandikia mimi, kwa sababu marehemu baba yangu alitunza farasi wa watu huku Trans Nzoia miaka thelathini, na mimi nimekua nikizoa mavi yao kabla ya kwenda shule. Farasi wa aina ya Malaika hazaliwi mweupe. Anazaliwa na rangi yake, iwe nyeusi, nyekundu au ya mahindi makavu, halafu mvi zinaingia mwaka baada ya mwaka mpaka zinafunika kila kitu. Mmwagie maji umwone ngozi, bado ni nyeusi. Wewe ulimnunua akiwa ameshafunikwa na hukuuliza alikuwa nani zamani. Rangi ile ya mstari haitoki hewani, lazima mzazi mmoja awe nayo, na huyo dume wa Endebess hana. Malaika ndiye alikuwa nayo miaka yote chini ya mvi zake. Mtoto amemfuata mama, bana.

Mtoto wa punda ungemjua kwa masikio, na kwa mkia ulio na nywele chache huko juu. Daktari alikuambia. Ulitaka akuimbie?

Na hiyo miwani si dua. Ni mvi za mama yake zinaanza mapema, kama kawaida yao. Akifika miaka saba, minane hivi, atakuwa mweupe kama Malaika, na mstari uliokutoa akili hutauona tena. Ulitaka farasi mweupe, ukapewa, ukashindwa kungoja.

Kuchekwa kunauma, hilo nakupa pole. Lakini aliyechekwa ni wewe na aliyekatwa ni Mheshimiwa. Rafiki alikupa kona ya uwanja wake, akakuachia mnyama wake, ukadanganya daktari ukamharibu. Hakuna maabara ya kurudisha kile kitu. Nenda kwa Shafi mchana, watu wakiona, useme punda hakuwa na kosa na wewe ulisema uongo. Usitangulize zawadi. Muulize yeye anataka ufanye nini, na akitaja, fanya. Akikataa kukusalimia, msalimie kesho yake tena.

Kuhusu Emmy sitakupa hata neno moja la ushahidi. Ningeweza kukuambia ukawatazame mashangazi zako vizuri, lakini sitaki, kwa sababu ungeenda Kimilili umebeba hoja kama wakili, na Phelista hakuondoka kwa kukosa hoja. Aliondoka kwa sababu ulimtukana mbele ya sahani ya mtoto. Ukimpima Emmy, hata majibu yakija mazuri, utakuwa umempoteza mama yake siku ile ile.

Kwa hivyo Jumamosi hii vaa shati safi uende. Usitaje manyoya, usitaje punda, na picha ya yule farasi uiache Tuwan. Ukifika, kabla hujakaribishwa kiti, mwambie Phelista ulimkosea, mama yake akisikia. Kisha nyamaza, umwache aseme yake yote, hata ikifika jioni. Na Emmy akikujia, mbebe.