Nilimbadilishia Nikeli Yake, Sasa Anasifiwa

Mpendwa Shangazi Adelina, shikamoo, naomba unisaidie kabla ya Alhamisi maana roho haijatulia. Mie ni fundi wa kuchomelea, na kuna dada wa chuo kikuu, Lusungu, anatafiti namna ya kutumia umeme kutoa gesi ya haidrojeni kwenye maji yaliyotiwa magadi makali yale ya kutengenezea sabuni, sasa alinipa kipande cha wavu wa nikeli tupu, alichokiagiza nje akakisubiri miezi mitatu, nikichomelee waya wa umeme, mie nikazidisha moto kikaungua, nikaona aibu kumwambia, nikachukua chujio la stenlesi la mke wangu, nikalikata, nikalipaka nikeli kama ninavyopaka rimu za pikipiki, likang'aa, nikampa. Shangazi, gesi ikatoka karibu mara mbili ya aliyotarajia! Akanipigia analia kwa furaha, "Fundi, mikono yako ina baraka," na Alhamisi anasimama mbele ya maprofesa kuwaambia ni nikeli tupu. Nikisema naonekana tapeli, nikinyamaza nafsi inanisuta, na kwani matokeo si mazuri? Nifanyeje?

Twalib, Gongo la Mboto

Marahaba, Twalib. Kuunguza nakusamehe, mafundi wote huunguza. Kumkabidhi mtu chujio ukamwambia ndiyo nikeli yake, hapo umeniudhi.

Matokeo ni mazuri, na hatari iko hapo hapo, kwa sababu jambo zuri wenzake watataka kulirudia. Watatumia nikeli tupu, gesi itatoka kidogo, na atakayeitwa mwongo ni Lusungu, wewe uko zako na rimu zako. Nimemuuliza jirani yangu hapa Kinondoni, mwalimu wa kemia, akasema chuma kikichanganyika na nikeli kinaweza kuwa kichocheo bora kuliko nikeli peke yake. Huenda mmeokota kitu kikubwa, baba. Lakini ni kazi yake kukipima, na hawezi kupima asichokijua.

Leo hii chukua kipande cha chujio kilichobaki, na ule wavu ulioungua kama hukuutupa, umfuate chuoni. Meseji sitaki, na usitume mtu. Atalia, pengine atakutukana, mwache amalize. Kisha mweleze hatua kwa hatua ulivyopaka, maana hakuna mwingine anayejua. Akiamua kuahirisha Alhamisi, usimbembeleze.

Na ukifika, salamu ndefu za nini, na visingizio vya moto uviache karakana. Mtazame usoni, anza na neno moja: nimekudanganya.

Shangazi Adelina