Waya Mbili na Kandambili

Nyumbani kwetu,
Sanduku la posta lilelile,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, Mikono Maji,

Salamu tele kutoka kwa dada yako. U hali gani huko uliko? Kile kikohozi kimekuachia, au baridi bado inakuonea? Unakula ukashiba? Nijibu yote, usinipe lile jibu lako la "niko poa" halafu ukanyamaza miezi mitatu. Sisi huku tu wazima. Mama alifanyiwa ule upasuaji wa jicho mwezi uliopita, na daktari anasema linapona vizuri. Jana kasoma mwenyewe maandishi ya mfuko wa sukari, tena kwa sauti, mpaka jirani akauliza kuna mgeni gani.

Sasa kaa chini. Nina habari, na leo nakuandikia kichwa kimenivimba. Nimeshinda.

Unaikumbuka friji yetu. Utaisahauje? Na zile kandambili mbele yake, pea moja ya nyumba nzima, ambazo hakuna aliyethubutu kugusa mlango bila kuzivaa. Tulikuwa tukisema friji "inatekenya". Mgeni akija tunamwambia avae, inatekenya hiyo, na wote tunacheka. Wewe tu hukucheka. Ulikuwa na miaka tisa ilipokurusha hadi kwenye meza ukapasuka nyusi, na badala ya pole ukala kofi la Mjomba kwa kushika friji na mikono yenye maji. Jina lako likaanzia hapo. Mpaka unaondoka nyumbani na ndevu zako, bado ulikuwa unaniomba mimi nikutolee maji ya baridi.

Umeme wa nyumba hii, kama ujuavyo, aliuvuta Mjomba mwenyewe, fundi wa kujifunza kwa macho. Akiulizwa hujibu, "Waya mbili zinatosha. Wa tatu ni madoido." Basi hiyo ndiyo ilikuwa kinga yetu miaka yote: waya mbili na kandambili.

Tatizo likaja na dawa ya Mama. Inakaa kwenye friji, na lazima aitie jichoni mara nne kwa siku. Jicho moja lilikuwa limefungwa, la pili haliaminiki, akawa anazipapasa kandambili kwa mguu, na akizikosa anafungua hivyohivyo, pekupeku. Siku ya tatu nikasikia ukelele jikoni. Nilimkuta ameushika mkono wake, anacheka kwa aibu, eti imemtekenya tu. Mimi sikucheka, mdogo wangu. Nimemaliza mwaka wa kwanza wa kozi ya umeme na najua sasa kwamba umeme hautekenyi. Unaonja, unangoja siku ya kula.

Nikatoka uani nipumue. Mama alikuwa ameanika mashuka, na hapo ndipo nilipoiona kamba. Ile kamba yetu ya nguo, ya kijani yenye mstari wa njano! Nimepita chini yake tangu sijajua kuhesabu. Lakini darasani rangi hizo zina maana moja tu: waya wa ardhi, ule unaoupokea umeme uliovuja kwenye bati la friji na kuupeleka chini usimpate mtu. Mjomba alikuwa nao waya wa tatu. Aliutumia kumfungia dada yake kamba. Miaka yote hiyo kinga yetu ilikuwa nje inakausha soksi. Nikacheka peke yangu kama mwehu, kisha nikalia kidogo.

Mjomba nilipomwambia, aliwaka. "Nimepanda nguzo wewe hujazaliwa," akasema. Mama ndiye aliyeamua: nipewe siku tatu.

Nikachimbia fimbo ya shaba nyuma ya jikoni. Kutoka kwenye fimbo hiyo nikavuta waya mpya wa ardhi hadi kwenye kila soketi, maana ule wa kamba umepasuka kwa jua, haufai tena. Kisha nikafunga swichi ile inayojikata yenyewe umeme ukivuja hata kidogo. Mwalimu wangu wa kozi akaja, akakagua kazi yote, akatikisa kichwa kukubali, akaenda zake.

Nikawasha. Tap! Redio ikanyamaza. Nikawasha tena. Tap! Mjomba alikuwa amekaa mlangoni kama refa. "Hongera," akasema. "Umetufungia swichi ya kuzima."

Nilitamani ardhi inimeze, pamoja na ile fimbo. Lakini nikachomoa kila kitu, nikawa narudisha kimojakimoja. Pasi, swichi kimya. Birika, kimya. Redio, kimya. Friji, tap!

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nililala kifudifudi nyuma ya friji na tochi mdomoni, nikaukuta: waya uliochubuliwa na ukingo wa bati, shaba iko wazi kiasi cha punje ya mchele, imeegemea mwili wa friji. Ndiyo iliyokupasua nyusi. Nikaubadilisha, nikawasha, friji ikanguruma na swichi ikatulia. Nikapima bati: sifuri.

Mama akapiga vigelegele. "Kumbe swichi si mbovu," akasema. "Ni mbea! Imetoboa siri ya friji." Hadi leo inaitwa Mbea.

Mjomba akaukodolea macho ule waya uliochubuka. Kisha akaenda bombani, akanawa, hakujifuta. Akavua viatu, akavua na soksi. Nilimpigia kelele, maana hata nyumba iwe salama vipi, mikono mikavu ni adabu. Hakunisikia. Akashika mlango wa friji kwa mikono miwili inayochuruzika, akasimama hapo hadi Mama akaanza kumwomba Mungu. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na Mjomba ni mshindani.

"Mwandikie mdogo wako," akasema bila kugeuka. "Mwambie lile jina nimelifuta. Mikono ilikuwa yake, lakini kosa lilikuwa langu."

Basi hii ni mara ya mwisho kukuita hivyo, na nimelitumia huko juu ili ulione likifa. Ndani ya bahasha kuna kipande cha ile kamba. Mama ana kamba mpya ya nailoni, na kandambili amempa jirani mshona nguo aendee bafuni.

Mama anakubusu kwenye hiyo nyusi. Mjomba anakusalimu, na nadhani anataka kusema zaidi, ila ukija. Mungu akulinde kila unapogusa na kila unapokanyaga.

Njoo likizo. Maji ya baridi yapo, na safari hii sikutolei. Utafungua mwenyewe.

Dada yako akupendaye sana,
Fundi wa nyumba, kwa idhini ya Mjomba