Tairi la Damiani

Mke wangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka Ifakara, ambako jua ni kali na samaki aina ya kitoga wa kukaanga ni mtamu. Leo asubuhi mkwe wetu Damiani alishiriki mbio za baiskeli za kuzunguka soko, akiwania tairi jipya, zawadi ya mshindi wa tatu. Kwa kuwa amezoea kubeba magunia ya mpunga kutoka Mofu, baiskeli tupu ilimyumbisha, akaanguka kwenye kona.

“Rudi ukalime!” vijana wakamzomea.

Alipoinuka, binti yetu Agata akarukia keria, nyuma ya mumewe. “Baba Neema, kanyaga!”

Baiskeli ikatulia, wakamaliza wa tatu. Mwamuzi akatamka kwamba mzigo unaruhusiwa. Tairi tumelipata, ila Agata hataki kuitwa mzigo.

Mungu akutunze, mama. Tumecheka mno.

Mumeo