Rubani Aliyetua Malishoni

Mei 2014

Mjukuu wangu Kiprono,

Huku hatujambo, na dada yako amejifungua msichana. Unauliza inakuwaje binti wa bosi wako hapo Jeddah arushe ndege, lakini wewe ndiwe umwendeshe hadi uwanjani kwa kuwa sheria ya huko haimruhusu mwanamke kushika usukani wa gari. Hata mimi sielewi.

Nikiwa msichana, ndege ndogo ilitua malishoni petu. Akashuka mwanamke Mzungu, akaomba maji. Baba yangu akachungulia ndani.

"Rubani yuko wapi?"

"Ni mimi."

Baba aliizunguka ndege akitafuta mwanamume, hata injini ilipowaka. Ilipopaa nikasema, "Baba, nami nitarusha."

Akageuka kutazama nyumbani. "Usimwambie mama yako."

Mpaka leo sijui kama alikuwa akinikataza au akinitunzia siri.

Nyanya yako akupendaye