Sauti ya Bibi Ndani ya Laptop

Kilifi, Jumapili mchana

Baba mpendwa,

Kabla hata sijakusalimu, nina jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Likizo iliyopita, kabla Bibi hajapata kiharusi, nilimrekodi bila yeye kujua. Tulikuwa jikoni, akisimulia alivyoolewa, nami nimeificha simu chini ya leso yangu. Niliona haya kumwomba. Sasa Bibi hawezi kusema, na sauti yake iliyobaki ni hiyo tu.

Shikamoo, Baba. Miguu yaendeleaje? Maji ya chumvi kazini bado yanaichubua? Sisi huku kwa Shangazi ni wazima. Anaendelea na upishi wake hotelini Bofa, nami nasoma.

Rekodi hiyo niliihamishia kwenye laptop uliyoniletea, kisha nikaifuta kwenye simu ili nipate nafasi ya vitabu. Jumatano laptop ikaniuliza kama nataka kusasisha programu, nikakubali. Tangu hapo ikawa inawaka, inaonyesha alama yake, inazimika, inawaka tena.

"Mwanangu, kifaa chako kimepagawa!" Shangazi akacheka. "Tukakifukizie ubani?"

Sikuweza kucheka. Nilimpelekea fundi wa simu karibu na stendi. Aliitazama kidogo tu.

"Dada, dawa yake moja. Tunafuta vyote, tunaweka upya."

"Kuna kitu ndani siwezi kukipoteza."

"Picha za mchumba?"

Watu dukani wakaangua kicheko. Nikaichukua nikaondoka. Si unanijua, Baba.

Ijumaa nilimngoja mwalimu wa kompyuta mpaka wenzangu wote wakatoka darasani, ndipo nikamwuliza. Akaniambia niizime kwa nguvu mara tatu kila inapoanza kuwaka. Mara ya nne italeta ukurasa wa marekebisho. Leo asubuhi nikajaribu. Nikashikilia kitufe, ikazimika. Tena. Tena. Mara ya nne skrini ikageuka buluu, ikaniuliza nataka nini. Nikachagua kuondoa sasisho la mwisho. Shangazi alimaliza kukuna nazi mbili kabla haijatulia. Ikawaka, ikabaki imewaka.

Nikafungua rekodi kuhakikisha.

"Mke mwenzangu," Bibi akanitania, "umekuja kunisaidia kupika, au kuninyang'anya mume?" Kisha kile kicheko chake.

Shangazi akaja mlangoni, machicha yamemganda vidoleni. "Huyo ni Mama?"

Alisikiliza huku machozi yanamtoka. Nilidhani ataniambia niendelee. Akasema, "Zima kwanza. Ulimwomba?"

"La, Shangazi."

"Kusema hawezi, lakini kichwa anatikisa. Aulizwe."

Kwa hiyo Baba, tafadhali msikilizishe Bibi mwanzo tu wa nakala niliyoitia humu, na umweleze kosa langu. Akikubali, sikilizeni nyote. Akikataa, ifute, nami nitaifuta ya kwangu, ingawa itaniuma.

Nisalimie Mama, na mdogo wangu Kahindi, mwambie asiguse vitabu vyangu. Msalimie pia Mama Dama jirani yetu, anayemgeuza Bibi kitandani ukiwa kazini. Bibi mwenyewe mshike mkono kwa niaba yangu.

Baada ya chakula nimenakili rekodi kwenye flashi, nikaikunja ndani ya karatasi ya daftari, nikaitia kwenye bahasha hii. Kisha nimeizima laptop. Sijaifungua rekodi tena.

Mwanao akupendaye,
Sidi