Jua la Ijumaa na Jicho la Mama

Chumba cha Habari,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi.
Jumapili, 6 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Mama ametangaza leo asubuhi, kikombe cha chai mkononi, kwamba Ijumaa jua litakapopatwa atatoa kiti uani na kulitazama kwa macho matupu, mwanzo hadi mwisho. Chanzo chake ni redio. Redio yenyewe ni hii ninayofanyia kazi.

Nimetanguliza habari kwa sababu ndiyo mazoea yangu. Sasa salamu. Hujambo? Mkeo hajambo? Kibonge wenu ameanza kutembea, au bado anabebwa kama waziri? Kifua chako kimepona? Sisi huku wazima, ila goti langu hulalamika ngazini, nami silisikilizi. Mama ni mzima kutushinda sote, hasa ulimi.

Ila macho yake unayajua. La kushoto lilizimwa na presha ya macho. La kulia ndilo alilotolewa mtoto wa jicho mwaka jana, na ndilo analonitazamia ninapochelewa kurudi. Hana la akiba.

Tuna kipindi hapa kila Alhamisi, kinaitwa Uliza Anga. Watu hutuma maswali yao kwa sauti, na sina neno na waulizaji. Dereva mmoja wa lori alitaka kujua kwa nini mwezi humfuata njia nzima wakati miti inabaki nyuma. Fundi bomba aliuliza kwa nini usiku ni mweusi, ikiwa nyota ni nyingi kiasi kile. Hilo ni swali lililowaumiza vichwa wataalamu kwa karne nyingi. Fundi bomba alijibiwa kwamba ni kwa sababu jua limezama.

Aliyemjibu tunamwita Profesa. Ni shemeji wa mkurugenzi. Kabla ya hapo alikuwa akisoma matangazo ya magodoro, na uprofesa alijipa mwenyewe wiki aliyonunua miwani. Sauti yake ni nzuri, hilo simnyimi. Ni kama blanketi: inafunika kila kitu.

Usidhani husikiliza anachoulizwa. Jumatatu hupewa maswali kwenye karatasi, hufungiwa studio, na humwaga majibu yote kwa mkupuo ili awahi chakula cha mchana. Hataji swali wala mwulizaji. Fundi mitambo ndiye hukata yale majibu na kubandika mbele ya kila moja sauti ya aliyeuliza.

Wiki mbili zilizopita maswali ya kupatwa yalikuwa mawili. Mwalimu mmoja, mama mtu mzima, aliuliza kuhusu mwezi. Aliyeuliza kuhusu jua alikuwa mama yetu, ambaye anaishi na mwandishi wa habari nyumba moja lakini aliona ni heri aulize redio. Majibu yakabandikwa kinyume. Mwalimu akaonywa kwamba akithubutu kuutazama mwezi utamchoma jicho bila hata kumuuma. Mama akaambiwa, "Tazama kwa macho matupu, mama yangu, hakuna madhara yoyote. Hata watoto waamshwe waone."

Nilimwuliza mama ni watoto gani wa kuamshwa saa tisa mchana. Akasema wapo watoto wanaolala mchana.

Basi nikamwendea Profesa. Nilimkuta anafuta miwani.

"Majibu yako mawili yamepishana," nikamwambia. "La mwezi limekwenda kwa jua."

"Jibu langu lilikuwa sahihi, dada. Swali ndilo lililopotea njia."

"Basi lisahihishe hewani."

"Kipindi hiki hakijisahihishi. Msikilizaji akigundua moja, ataanza kutuuliza na mengine."

Nikamkumbusha jina la kipindi chake. Hakuona uhusiano.

Mkurugenzi naye aliniuliza kama kuna msikilizaji aliyelalamika. Nilimjibu kwamba hakuna, wamemwamini, na ndiyo hatari yenyewe. Akasema basi hakuna tatizo, akarudi kwenye simu yake. Mtu huyo analipwa kuongoza wenzake.

Taarifa ya habari ni yangu, kwa hiyo Ijumaa mchana niliisoma kama habari ya kwanza: kituo hiki kilitoa jibu lisilo sahihi, jua lisitazamwe. Mkurugenzi ameninunia tangu hapo, na chumba cha habari kimetulia kweli. Wasikilizaji wameonywa. Mama nilimkuta mlangoni.

"Nimekusikia," akasema. "Wivu tu huo. Mwenzio kaniita mama yangu, nchi nzima inasikia. Wewe hata salamu hukunitumia."

Nikatoboa boksi la viatu tundu dogo, nikamwonyesha namna ya kuligeuzia jua mgongo na kulitazama umbo lake likijichora ndani, kwenye karatasi nyeupe. Aliniuliza kama nimewahi kuona mgeni aliyealikwa sherehe akakaa akitazama ukuta. Boksi sasa linahifadhi vitunguu.

Ndiyo maana nakuandikia, tena kwa barua pepe, usije ukasingizia posta. Swali la kutoka ng'ambo, kama huko uliko, halirekodiwi hapa. Mkurugenzi hulitaka moja kwa moja hewani, Profesa mwenyewe akiwa studio, ili wenye matangazo wajue tunasikika mbali. Kati ya swali lako na jibu la Profesa hapatakuwa na mkasi wa mtu.

Uliza hivi: mtu aliyetolewa mtoto wa jicho, ana jicho moja tu, atalionaje jua likipatwa, na je, boksi lenye tundu linafaa? Usimtaje mama. Usinitaje mimi. Usiseme kuna kosa lilitokea. Jibu sahihi analo, ndilo lililokwenda kwa mwalimu. Mpe tu nafasi ya kujua, ndicho kitu pekee anachokipenda.

Mama atawasikia kitindamimba wake na profesa wake kwa mpigo mmoja. Hapo sina ubavu wa kushindana, wala sijali nani atasifiwa. Vitunguu nitavihamisha.

Nisalimie mkeo, na shangazi mkionana, na Kibonge umbane mashavu kwa niaba yangu. Mungu awatunze, na macho yenu pia.

Alhamisi, tarehe 10, saa kumi na moja jioni kwa saa za huku. Mama huwasha redio robo saa kabla. Jua ni kesho yake, saa tisa.

Dada yako, akupendaye hata usipopiga simu. Safari hii piga.